Nimetoka maonesho ya reptilia mikono mitupu. Chatu mpira wa kwanza anunuliwe pale pale mezani au nilifanya sawa kuondoka?

#1 Mwanagenzi

Wakuu, salaam.

Jumamosi niliingia maonesho ya reptilia kwa mara ya kwanza. Meza zimepangwa safu kwa safu, juu yake vikopo vya plastiki vyenye matundu, kila kikopo na nyoka wake, kifuniko kimebandikwa kikaratasi: jinsia, tarehe ya kuanguliwa, mofu (aina ya rangi na michoro). Nilikwenda kuangalia tu. Nikaganda kwenye meza moja karibu saa nzima.

Palikuwa na chatu mpira jike, rangi ya kawaida ya mwituni, kahawia na nyeusi, miezi minne, gramu 180. Mfugaji akanipa nimshike. Akajiviringa papo hapo, kichwa kikazama katikati, nikabaki nimeshika kitonge. Nikatulia. Dakika kama tano hivi kichwa kikachomoza, ulimi ukaanza kunionja kidole, kisha akahamia mkono wa pili taratibu kama anayeuliza ruhusa. Moyo ukaniruka.

Meza ya jirani alikuwepo mwingine, mofu wanayoiita buibui. Kichwa kinayumba, kinapinda juu kama anatafuta kitu darini. Muuzaji akasema kachoka na safari.

Ilipokaribia saa ya kufunga nikaambiwa "mchukue leo, kesho humpati". Nyumbani sina kizimba, sina taa, sina chochote. Nikamrudisha nikaondoka. Sasa ni siku ya tatu namuwaza yeye tu.

Naomba kujua: nyoka wa kwanza anafaa kununuliwa maoneshoni? Na yule wa kichwa kuyumba, kweli ni uchovu?

#2 Kobe_Pole

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi waje.

#3 Chausiku

Mkuu, chatu? Yule anayemeza swala mzima? Leo gramu 180, kesho yuko mita tano na wewe ndiye kitoweo. Mimi nilishaumwa na nyoka nikiwa mdogo, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fuga samaki.

#4 MzeeMagamba

Chausiku, pole kwa yaliyokupata, lakini umechanganya ndugu wawili wa ukoo mmoja. Anayemeza swala ni chatu mkubwa wa Afrika. Huyu ni Python regius, anayeishi Afrika ya Magharibi na ya Kati, toka Senegal mpaka Uganda. Jike aliyekomaa huwa na sentimita 120 hadi 150, dume mfupi zaidi. Kufika sentimita 180 ni nadra. Hana sumu. Meno anayo, madogo, yamepinda kurudi nyuma. Akikuuma utatoka damu kidogo na kushtuka sana.

Wangu jike ana miaka 19, sentimita 135, kilo 1.9. Hata sungura mdogo hamuwezi.

Mleta mada, kurudi mikono mitupu hukukosea. Kosa lingekuwa kumpeleka nyumba isiyo na joto.

#5 BintiTerari

Naanzia alipoishia Mzee. Mwanagenzi, kizimba hutangulia nyoka, tena kwa wiki mbili. Unakiwasha, unakiacha kikae, unapima mchana na usiku. Upande wa joto uwe na nyuzijoto 31 hadi 33, wa baridi 24 hadi 27. Unyevunyevu asilimia 60 hivi, ukipanda zaidi anapokaribia kujivua. Maficho mawili, moja kila upande, yawe finyu kiasi cha mgongo wake kugusa kuta. Mwituni hulala kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Sehemu pana huiona hatari.

Ungemchukua Jumamosi angelala kwenye kile kikopo siku ngapi ukizunguka kutafuta themostati, kile kidhibiti joto?

#6 Mshika_Koleo

Mimi nitapingana na #4 na #5, kwa heshima.

Maonesho ni mahali bora kuliko pengine popote kwa mtu wa mara ya kwanza. Wapi tena utaona chatu mpira 200 kwa siku moja, ulinganishe mnene na mkondefu, mchangamfu na mgonjwa, na mfugaji amesimama mbele yako umuulize uso kwa uso? Mtandaoni unaletewa picha nzuri na maelezo matamu, akifika ni mwingine. Kwenye maonesho ya Hamm kule Ujerumani watu wanasafiri kutoka nchi kadhaa kwa ajili ya siku moja tu. Si wajinga wale.

Na vifaa vyote viko ukumbini humo humo. Angeweza kununua kizimba asubuhi na nyoka jioni.

#7 BintiTerari

Asubuhi kizimba, jioni nyoka, usiku ndiyo anagundua mkeka wa joto unafika nyuzi 45 kwa kuwa hakuna themostati iliyofungwa. Nimewaona wenye makovu ya kuungua tumboni, Koleo. Nyoka hakimbii joto la chini yake upesi kama tunavyodhani, analala pale pale akiungua.

#8 Mshika_Koleo

Hapo kwenye themostati sina ubishi. Nilichosema ni kuhusu kununua, sikusema anunue kwa pupa.

#9 Vinasaba

Kuhusu yule wa kichwa kuyumba. Muuzaji hakusema kweli, au hajui anachouza, na sijui lipi baya zaidi.

Mofu ya buibui ilianza kuzalishwa kizimbani 1999. Jeni yake, yaani chembe ya urithi, ni tawala, nakala moja inatosha kumpa mtoto ile michoro myembamba kama utando. Na wote walionayo wana huo mtikisiko kwa viwango tofauti. Mmoja hutikisa kichwa wakati wa kula tu, mwingine anajipindua chali asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliopiga picha za vichwa vyao kwa skana ya CT, ukakuta sikio la ndani limeumbika vibaya: mirija ya nusu duara na kifuko kinachosaidia mizani ya mwili. Kwa hiyo si uchovu. Amezaliwa hivyo na atakufa hivyo.

#10 Ndugu_Kenge

Vinasaba uko sahihi kwa sehemu, ila usifunge jalada mapema. Kichwa kupinda juu kina sababu nyingi. Kuna ugonjwa wa virusi unaojulikana kwa chembe zake ndani ya seli, unashika maboa na chatu, na kwa chatu dalili za mishipa ya fahamu huja haraka. Joto kupita kiasi nalo huleta hali hiyo. Dawa ya kuua utitiri ikipulizwa ovyo pia. Nyoka aliyekaa kwenye gari lenye jua saa nne anaweza kuyumba bila kuwa na jeni hiyo.

Je, Mwanagenzi ana hakika kikaratasi kiliandikwa buibui, au alisikia tu?

#11 Vinasaba

Kama kikaratasi kilisema buibui, tusitafute mchawi. Kwato zikilia, mtu hufikiri farasi kabla ya punda milia.

#12 Ndugu_Kenge

Nilikotembea mimi punda milia ndio wengi 😀. Ninachosema: hata mwenye jeni hiyo anaweza kuwa mgonjwa juu yake. Hayo mawili hayakatazani.

#13 Mwanagenzi

Shukrani wote. Kenge, kikaratasi kilisema buibui kabisa, niliona kwa macho yangu. Lakini pia alikuwa na povu dogo pembeni ya mdomo. Sikulitilia maanani pale, mpaka niliposoma ujumbe wako.

Niongeze jambo. Yule jike niliyemshika, mfugaji alinionesha daftari: tarehe ya kila mlo, uzito, siku za kujivua gamba. Amekula panya wa kugandishwa mara tisa mfululizo. Nilimuuliza kama naweza kumfuata baadaye akanipa anwani yake, hakunisukuma. Aliyeniambia "kesho humpati" alikuwa kijana anayemsaidia.

#14 MzeeMagamba

Mbona jambo hilo la daftari umelificha mpaka sasa! Hilo ndilo uzi mzima. Mfugaji mwenye daftari mshike mkono usimwachie.

Povu mdomoni ni habari mbaya. Inaweza kuwa mapafu. Kama ulimshika yule wa pili, au ulishika kikopo chake kisha ukamshika jike, mwambie mfugaji ili ajue.

#15 Msaidizi_wa_Kliniki

Nafanya kazi kwa daktari wa wanyama anayepokea reptilia. Povu, mdomo wazi, mlio wa kukoroma, kunyanyua kichwa ili apate hewa: vyote ni dalili za njia ya hewa. Kuna bakteria, na kuna nidovirusi, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza kwa chatu mpira mwaka 2014. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, inahitaji kipimo cha usufi mdomoni. Ndiyo maana maoneshoni ushike nyoka mmoja, utakase mikono, ndipo umshike mwingine. Meza nzuri huweka chupa ya dawa mbele bila kuambiwa.

Na mikono ioshwe kwa sabuni hata kama nyoka ni mzima kabisa. Salmonella inakaa tumboni mwake bila kumsumbua. Nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitano iwe makini zaidi.

#16 Jirani_wa_Mchwa

Nilinunua wangu maoneshoni miaka sita iliyopita, meza nisiyoitaja. Dume, mofu ya pastel, wa kuvutia mno. Wiki ya pili nikaona anakaa kwenye bakuli la maji mchana kutwa. Nikafurahi, nikasema huyu anapenda kuoga. Siku moja nikamfuta kwa tishu nyeupe, tishu ikatoka na vidoa vyeusi vinavyotembea.

Utitiri. Ulikuwa umejificha kwenye mikunjo ya kidevu na pembe za macho. Nilihangaika nao miezi mitatu, na kwa kuwa sikuwa nimemtenga, ukahamia kwa nyoka wangu mwingine niliyekuwa naye tangu zamani. Yule wa zamani hakupona. Mpaka leo nikiona chatu ndani ya bakuli la maji moyo unanidunda.

Kwa hiyo jibu langu: nunua popote, lakini karantini siku 90, chumba kingine, koleo lake, bakuli lake. Kitandaze cha karatasi nyeupe ili uone kila kitu.

#17 Chausiku

Pole sana Jirani. Hapo umeniliza, na mimi siwapendi hawa viumbe.

#18 Kobe_Pole

Chausiku bado yupo 😂. Ulisema fuga samaki ukaaga.

#19 Chausiku

Sikuaga. Nasoma.

#20 Mshika_Koleo

Jirani pole, ila utitiri unapatikana dukani pia, na kwa mfugaji wa nyumbani pia. Tusiulaumu ukumbi.

#21 Jirani_wa_Mchwa

Ukumbi unaweka vikopo 2,000 bega kwa bega, na mikono ileile inapita juu ya vyote. Utitiri hauhitaji mwaliko. Siulaumu, nausimulia.

#22 Njia_ya_Savana

Hakuna aliyegusa asili ya nyoka mwenyewe. Mezani utakuta wa aina tatu na kwa macho wanafanana. Kuna aliyekamatwa porini. Kuna wa shambani: majike wenye mimba au mayai hukusanywa porini, mayai huanguliwa mahali pamoja, vifaranga wakauzwa nje. Na kuna aliyezaliwa kizimbani kwa wazazi waliozaliwa kizimbani. Ghana, Togo na Benin wamesafirisha chatu mpira hai kwa wingi miaka mingi. Spishi nzima iko Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini, na IUCN, shirika la uhifadhi, inaiweka kundi la wanaokaribia kuwa hatarini.

Wa porini huja na minyoo, kupe, na hofu. Wengi hawali kabisa wakifika kwako. Muulize muuzaji: wazazi wako wapi, naweza kuona picha yao? Aliyezalisha mwenyewe atakuchosha kwa picha. Asiyekuwa nao ataanza kukwepakwepa.

#23 MzeeMagamba

Wangu wa miaka 19 alikuwa wa shambani. Sikujua wakati huo. Alikaa miezi saba bila kula.

#24 Mwanagenzi

Miezi SABA, Mzee? Na akaishi?

#25 MzeeMagamba

Akaishi, na uzito ulipungua kidogo sana. Nilikuwa napima kila Jumapili. Chatu mpira ana kipaji cha kufunga. Kinachoua wamiliki ni wasiwasi, wanamvuruga kila siku kwa panya mpya.

#26 FundiNyuzi

Hapa ndipo ninapopenda. Chatu mpira akikataa kula, tisa kati ya kumi ni nyuzijoto. Tumbo haliwezi kusaga panya likiwa na baridi, naye analijua hilo kuliko sisi. Pima sakafu ya maficho ya joto, si hewa ya katikati. Watu wanabandika kipimajoto juu ukutani halafu wanashangaa.

#27 BintiTerari

Fundi, kwako kila kitu ni nyuzi. Wangu alikataa akiwa na nyuzi 32 safi kabisa. Nilipojaza majani ya plastiki na magome mpaka kizimba hakionekani ndani, akala usiku uleule. Ilikuwa hofu ya kuonekana.

#28 Mshika_Koleo

Na mimi nasema ni panya mwenyewe. Aliyezoea panya wadogo anaweza asimtambue panya mkubwa kama chakula. Tena watu wanampa panya aliyetoka kwenye friji amekuwa vuguvugu tu. Chatu ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto, anataka kuona mwili wenye moto karibu nyuzi 38. Mtie panya kwenye mfuko, mfuko kwenye maji ya moto, mkaushe, mpe kwa koleo refu. Asiwe mnene kupita sehemu nene ya nyoka.

#29 Njia_ya_Savana

Majira. Madume wengi huacha kula msimu wa kupandana hata kama wako peke yao chumbani miaka yote.

#30 Jirani_wa_Mchwa

Au anakaribia kujivua gamba, macho yameanza ukungu. Wangu hali kabisa wiki hiyo.

#31 Vinasaba

Kuna pia wanaokwama wakifika gramu 800 hadi 1,000, hasa majike. Wafugaji wanalijua jambo hilo, ila sababu kila mmoja ana yake.

#32 Mwanagenzi

Sasa nimepata sababu sita na nyoka sina 😅. Nitajuaje ni ipi?

#33 Msaidizi_wa_Kliniki

Mzani. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, au akiwa mdogo wa miezi michache na amegoma wiki kadhaa, mlete kwa daktari. Kabla ya hapo mpe nafasi.

#34 FundiNyuzi

Bado nasema ni nyuzi.

#35 Yai_Saba

Naomba kuingiza mada pembeni kidogo. Mwanagenzi, umefikiria miaka? Huyu si hamsta. Kizimbani miaka 20 hadi 30 ni kawaida. Saint Louis Zoo kule Marekani ilikuwa na jike aliyefikishwa pale 1961. Julai 2020, akikadiriwa kuwa na miaka 62 au zaidi, akataga mayai saba, na hakuwa amekaa na dume kwa zaidi ya miaka 15.

#36 Chausiku

Mayai bila dume? Haya sasa mmeanza kunitania.

#37 Vinasaba

Hakutanii, dada. Kuna njia mbili. Ya kwanza, jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia baadaye. Ya pili, yai hujiendeleza lenyewe bila mbegu. Hiyo ya pili imethibitishwa kwa chatu mpira kwa vipimo vya vinasaba, watoto hawana chochote cha baba.

#38 Njia_ya_Savana

Miaka 15 ya kuhifadhi mbegu ni mingi mno. Mimi naegemea ya pili.

#39 Ndugu_Kenge

Mimi siegemei popote. Nyoka amenishangaza mara nyingi.

#40 Yai_Saba

Na jike huyazunguka mayai yake mpaka yaanguliwe, kama siku 55 hadi 60 hivi. Wangu alitaga sita mwaka juzi. Niliyatoa nikayaweka kwenye mashine, na alibaki amejiviringa pale yalipokuwa siku tatu. Sikuwahi kuyatoa tena.

#41 Chausiku

Siku tatu. Jamani.

#42 Kobe_Pole

Turudi kwenye kizimba. Mimi nimeona wafugaji wanaweka chatu kwenye droo za plastiki, droo juu ya droo. Wanasema chatu mpira anapenda kubanwa. Wengine wanasema ni gereza. Nani mkweli?

#43 Mshika_Koleo

Droo inashika joto na unyevunyevu vizuri, giza lipo, faragha ipo. Wangu kumi na wawili wako kwenye droo, wanakula bila kukosa na wanajivua gamba kipande kimoja toka puani hadi mkiani. Mwili wa nyoka ndio shahidi wangu.

#44 BintiTerari

Kula si furaha, Koleo. Kuna utafiti uliochapishwa 1998 kutoka kusini mashariki ya Nigeria: madume walionekana mitini zaidi na walikula ndege wengi kuliko majike, majike wakala wanyama wa mashimoni zaidi. Mnyama anayepanda mti kuwinda ndege tunamwambia anapenda droo? Wangu yuko kwenye kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kwa 60, kina magogo. Usiku namkuta ametanda juu ya gogo la juu kabisa, kichwa kinaning'inia, anapeleleza. Miaka minne alipokuwa kwenye droo sikuwahi kujua kwamba ana tabia hiyo.

#45 Mshika_Koleo

Nimekusikia kuhusu gogo. Lakini kwa mtu wa kwanza, kizimba kikubwa kisichojazwa vizuri ni uwanja wa hofu. Mtoto wa gramu 180 kwenye sentimita 120, na maficho mawili tu katikati ya jangwa? Atagoma kula, mtakuja kufungua uzi mwingine.

#46 BintiTerari

Basi kijazwe. Mtoto mwituni haishi kwenye pori dogo, anaishi kwenye pori lenye vichaka.

#47 MzeeMagamba

Mmejibizana kwa adabu mpaka raha. Mimi nilianza na sanduku dogo, nikapanua alivyokua. Alikula kote kote.

#48 Kobe_Pole

Swali la jina kidogo. Kwa nini mpira? Si angeitwa chatu mfalme, regius si ufalme?

#49 Njia_ya_Savana

Waingereza wengi humwita hivyo hivyo, wa kifalme. Mpira ni kwa kuwa akiogopa anajiviringa duara, kichwa ndani. Alichofanya mkononi mwa Mwanagenzi dakika zile tano ni hicho. Ina maana alikuwa anaogopa, Mwanagenzi, usikione kama pozi. Kilichokugusa ni kwamba aliacha kuogopa.

#50 Mwanagenzi

Njia, umenipa kitu. Nilidhani amenipenda. Kumbe alikuwa anaangalia kama nitamdhuru.

Taarifa: nimenunua kizimba na themostati. Hakuna nyoka bado. Nimemwandikia mfugaji wa daftari na nimemweleza kuhusu yule mwenye povu. Alishukuru, akasema amewatenga wote waliokuwa mezani kwake na hatatoa hata mmoja kwa wiki kadhaa. Amenitumia picha za wazazi bila mimi kuomba, picha kumi na nne.

#51 MzeeMagamba

Kumi na nne! Nilikuambia usimwachie.

#52 Mshika_Koleo

Na ulimpata wapi mfugaji huyo? Maoneshoni. Nasimama pale pale nilipoanzia.

#53 BintiTerari

Na ulimwacha wapi nyoka? Maoneshoni. Na mimi nasimama.

#54 Mwanagenzi

Siku ya sita ya kupima. Upande wa joto 32, unashuka hadi 31 usiku. Upande wa baridi mchana 26, ila alfajiri ya leo nimekuta 21. Unyevunyevu asilimia 58, nimechanganya maganda ya nazi na ukoka wa kinamasi. Fundi, hiyo 21 inanisumbua.

#55 FundiNyuzi

Nilikuwa nakusubiri. Kihisio cha themostati umekiweka wapi, na kizimba kiko karibu na dirisha?

#56 Mwanagenzi

Kihisio kiko ndani ya maficho ya joto, chini. Dirisha liko nusu mita.

#57 FundiNyuzi

Kihisio sawa. Hamisha kizimba ukuta wa ndani, funika nusu ya matundu ya juu, pima tena siku tatu. Ikibaki 21 ongeza chanzo cha pili kisicho na mwanga, nacho kiwe na themostati yake.

#58 Jirani_wa_Mchwa

Na karatasi nyeupe chini siku 90 za kwanza. Hayo maganda ya nazi yaweke pembeni kwanza.

#59 Mwanagenzi

Nimehamisha. Maganda nimetoa, Jirani, yako kwenye ndoo. Mfugaji kaandika jioni hii: jike kagoma mlo wa Alhamisi, macho yameingia ukungu wa bluu.

#60 Jirani_wa_Mchwa

Anajivua gamba. Nilisema #30.

#61 FundiNyuzi

Muulize chumba chake kina nyuzi ngapi.

#62 Chausiku

Akishajivua tuwekee picha ya hilo gamba hapa. La nyoka mwenyewe taratibu, nitawaambia nikiwa tayari.